Maswali ya Wasafiri: Siku Moja katika Maghala ya Shampeni

SWALI: Mimi na mume wangu tutakuwa Paris kwa siku nne mwezi Septemba, na moja kati ya siku hizo tumeitenga kwa ajili ya kutembelea watengenezaji wa mvinyo katika eneo la Champagne. Mume wangu ameorodhesha kampuni tano na anataka tukodi gari. Mimi situmii kileo kabisa, na nahofia kwamba nitashinda kutwa nzima nikimtazama mwenzangu akinywa. Je, huko kuna lolote la kuniridhisha? Na je, tutamtambuaje mkulima mdogo anayetengeneza mvinyo wake mwenyewe?

(Msomaji ameomba jina lake lisichapishwe.)

JIBU: Nianze na orodha ya mumeo, kwa kuwa ndiyo yenye kasoro. Ziara katika kampuni kubwa huchukua saa moja hadi saa moja na nusu, huanza kwa wakati uliopangwa, na mwishoni kila mgeni hupewa glasi moja au mbili. Anayetaka kampuni tano kwa siku moja atakimbizana na saa tangu asubuhi, na akifika ya nne ulimi wake hautatofautisha chochote. Chagueni mbili tu, moja ya kampuni kubwa mjini Reims na nyingine ya mkulima mdogo karibu na Épernay, na zote mbili muweke nafasi mapema.

Gari nalo liacheni. Sheria ya Ufaransa hairuhusu dereva kufikisha gramu 0.5 za kileo katika lita moja ya damu, kwa hiyo dereva angekuwa wewe, jambo ambalo nashuku mumeo ameshalipigia hesabu. Treni ya kasi kutoka stesheni ya Gare de l'Est hufika Reims kwa takriban dakika 45, treni ya mkoa huwafikisha Épernay kwa nusu saa hivi, na kutoka Épernay ipo treni ya moja kwa moja ya kurudi Paris.

Sasa nije kwenye hofu yako. Kati ya aina zote za mvinyo nizijuazo, shampeni ndiyo inayompa asiyekunywa mengi zaidi ya kutazama, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi yake hufanyika chini ya ardhi na mgeni huonyeshwa. Chini ya Reims yamo machimbo ya chaki yaliyoanza kuchimbwa enzi za utawala wa Warumi ili kupata mawe ya kujengea, na karne nyingi baadaye watengenezaji wa shampeni wakayageuza kuwa maghala. Kwa Pommery, mojawapo ya kampuni kubwa za shampeni mjini humo, mgeni hushuka ngazi 116, na mwenye magoti mabovu akumbuke kwamba atazipanda tena. Humo baridi ni ya nyuzi kama 10 mwaka mzima, kwa hiyo chukueni sweta hata kama juu jua linawaka. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Reims ilipokuwa ikipigwa mizinga, wakazi walijificha katika maghala hayo, na watoto walisomea humo humo.

Mwombe mwongozaji akueleze safari ya chupa moja. Mvinyo wa kawaida hutiwa chupani pamoja na sukari kidogo na hamira, kisha chupa hufungwa. Hamira hula sukari na kutoa gesi, na kwa kuwa gesi haina pa kutokea, huyeyukia ndani ya mvinyo hadi msukumo unafikia takriban mara 6 ya ule wa hewa ya kawaida, yaani karibu mara tatu ya upepo uliomo katika tairi la gari. Kanuni zinataka chupa ikae miezi isiyopungua 15 kabla ya kuuzwa.

Tatizo ni mashapo ya hamira iliyokufa: utayatoaje bila kupoteza ile gesi? Ufumbuzi ulipatikana mwanzoni mwa karne ya 19 katika ghala la mjane Barbe-Nicole Ponsardin, ambaye mumewe alifariki mwaka 1805 na kumwachia biashara iliyokuja kuitwa Veuve Clicquot, yaani mjane Clicquot. Chupa zilichomekwa shingo chini katika meza iliyotobolewa matundu, zikawa zinazungushwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa mpaka mashapo yote yakatua kwenye kizibo. Siku hizi shingo hugandishwa, chupa hufunguliwa, na donge la barafu lenye mashapo huruka lenyewe. Chupa nyingi sasa huzungushwa na mashine, lakini mbao za matundu bado zipo, na fundi akiwaonyesha jinsi mikono yake inavyozipitia, mumeo atasahau glasi kwa muda.

Wakati wa kuonja, kukataa hakuhesabiwi utovu wa adabu. Hata wanywaji wazoefu hutema katika chombo kilichowekwa kwa kazi hiyo. Mnapoweka nafasi, ulizeni kama wana kinywaji kisicho na kileo.

Kuhusu mkulima mdogo, tazameni maandishi madogo ya lebo. Herufi RM humaanisha kwamba mwenye chupa hutengeneza mvinyo kwa zabibu za shamba lake, ilhali NM ni ya kampuni inayonunua zabibu kwa wakulima. Septemba, hata hivyo, mara nyingi ndio mwezi wa mavuno, na kwa kuwa kanuni za Champagne zinataka zabibu zichumwe kwa mkono, familia nzima huwa shambani. Mwandikieni mapema, na akisema hana nafasi msimlazimishe. Tembeeni kando ya mizabibu muone wachumaji wakiwa kazini.

Chupa mtakazonunua huwa na uzito wa karibu kilo 1.6 kila moja, na kwa kawaida haziruhusiwi katika mkoba wa mkononi ndani ya ndege. Zifungeni katika nguo ndani ya sanduku, na mkubaliane ni sanduku la nani kabla mumeo hajafika dukani.