Tarantula wa Kwanza: Mchague kwa Anavyoshtuka, Si kwa Rangi

Tarantula, buibui mkubwa mwenye manyoya, hakuzoei kama paka. Hajui sauti yako, na hata akikaa nawe miaka 20 mkono wako kwake utabaki kitu kinachotikisa ardhi. Kwa hiyo tabia ya kuangalia kwa anayeanza ni moja: akishtuliwa hufanya nini, na kwa kasi gani?

Kasi ndiyo huwaponza wengi, kuliko sumu. Unafunua kifuniko kubadilisha maji, na kabla hujakirudisha yuko kwenye kiwiko chako. Unakung'uta mkono, anaanguka, tumbo linapasuka, anakufa. Tumbo la tarantula ni laini mno. Anguko la mita moja linatosha kummaliza.

Mgawanyo wa kwanza ni bara anakotoka. Wengi wa Amerika wana nywele za kuwasha mgongoni mwa tumbo. Wakitishwa huzipangusa kwa miguu ya nyuma na kuzirusha hewani, na kwa kuwa wana silaha hiyo, hawana haraka ya kuuma. Wa Afrika na Asia hawana nywele hizo. Wamebaki na mbio na chonge, na sumu yao ni kali zaidi: maumivu makubwa na misuli kukaza, pengine kwa siku kadhaa.

Hapo ndipo inabidi kumtaja jirani yetu, Pterinochilus murinus, anayeishi Kenya na Tanzania. Yule wa rangi ya chungwa anauzwa sana Ulaya na Marekani: bei yake ndogo, anakua upesi, hafi ovyo. Sifa zote hizo ni za kweli, na ndizo zinazomfikisha mikononi mwa watu wasiomuweza. Anakimbia kama umeme na huinua miguu ya mbele tayari kuuma kwa sababu ndogo tu. Ukimkuta kwao porini, mwache hapo hapo. Poecilotheria wa India na Sri Lanka na Heteroscodra maculata wa Afrika Magharibi nao wasubiri mpaka mkono wako uwe na uzoefu.

Wa kuanzia naye, kwa maoni yetu, ni Tliltocatl albopilosus wa Amerika ya Kati, mwenye nywele ndefu zilizojikunja. Baadhi ya wauzaji bado humwandika kwa jina la zamani, Brachypelma albopilosum. Ni huyo huyo. Hatamaniki kwa rangi, lakini anakula vizuri, hukaa mahali wazi ukamwona, na ukimgusa kwa brashi kwa kawaida husogea hatua mbili tu akasimama. Anayependa mkubwa zaidi amtafute Grammostola pulchripes wa nyanda za Chaco, Paraguay na Argentina, mwenye mistari ya dhahabu magotini; miguu ikinyooshwa hukaribia sentimita 20. Grammostola pulchra, mweusi wa Brazil na Uruguay, pengine ndiye mtulivu kuliko wote, ila hukua polepole sana na bei yake inaonyesha hivyo.

Wapo wanaopendekezwa kwa wageni bila maelezo ya kutosha. Brachypelma hamorii wa Meksiko, mwenye magoti mekundu, anapendeza, lakini wengine hurusha nywele kila kifuniko kikifunguliwa. Ngozini utajikuna kama uliyegusa upupu. Zikiingia jichoni hunasa kwenye mboni, na hapo usisugue, nenda kwa daktari wa macho. Vaa glavu unaposafisha na usiinamishe uso juu ya boksi. Grammostola rosea wa Chile ni mvumilivu, ila anaweza kugoma kula miezi mingi na kukutia wasiwasi bure. Caribena versicolor wa Martinique si mkali, lakini huruka, na hufa upesi kwenye boksi lenye unyevu lisilopitisha hewa. Psalmopoeus naye anatoka Amerika lakini hana nywele za kuwasha tumboni. Mhesabu pamoja na wa Afrika.

Ndani ya aina moja kuna wapole na wakorofi, kwa hiyo omba muuzaji amguse mguu wa nyuma kwa brashi laini mbele yako. Usimpulizie, hata mpole hushtuka. Anayekunja miguu yote chini ya mwili ana kiu kali au anakufa. Tumbo likiwa dogo kuliko kifua, ana njaa ya muda mrefu. Chukua mwenye upana wa sentimita 5 hadi 7, miguu ikinyooshwa: watoto wadogo ni wepesi wa kukimbia na wepesi wa kufa. Jike huishi miaka mingi, dume hufa muda si mrefu baada ya kukomaa. Anayekuapia kwamba kitoto cha sentimita 2 ni jike anakisia, kwani jinsia hupimwa kwa kuchunguza gamba alilovua.

Boksi la sentimita 30 kwa 20 linamtosha mkubwa wa kawaida. Jaza unga wa makumbi ya nazi hadi nafasi ya kutoka udongo mpaka kifuniko isizidi mara moja na nusu ya upana wake, kwa sababu ya lile anguko. Weka kifuu cha kujifichia na kisahani cha maji. Toboa matundu ubavuni. Wavu wa waya juu hunasa kucha zake. Taa ya joto haihitajiki kama chumba kina nyuzi 22 hadi 27.

Mlishe nyenje au mende wa kufugwa, asiyezidi ukubwa wa tumbo lake, kila siku 7 hadi 14. Mende wa jikoni huenda amekula dawa.

Siku mpole akigoma kula, akaziba shimo na kukasirika ovyo, huenda anakaribia kujivua gamba. Toa nyenje walio hai, maana humtafuna akiwa hoi. Akilala chali hajafa; usimguse. Chonge mpya huwa nyeupe, kisha nyekundu, kisha nyeusi. Zikishakuwa nyeusi, baada ya siku kama 10 kwa mkubwa, ndipo umpe chakula.