Kama damu ina oksijeni, uvimbe unatoaje asidi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana saratani ya titi na yuko kwenye dripu za kemotherapia. Shangazi amemkataza ugali, wali, hata ndizi mbivu, na kila asubuhi anamnywesha maji ya magadi. Anasema saratani inakula sukari na kutoa asidi. Mimi niko kidato cha sita. Tulifundishwa kwamba asidi ya laktiki hutokea seli zikikosa oksijeni, kama misuli ya mkimbiaji. Mbona mama anapumua vizuri? Shangazi yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza.

Kuhusu asidi, shangazi hakukosea. Miaka ya 1920 kule Berlin, mwanasayansi Otto Warburg alikata vipande vyembamba vya uvimbe wa panya akaviweka penye oksijeni ya kutosha. Vikaendelea kumeza glukosi na kutoa asidi ya laktiki. Yeye alidhani mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli, zimeharibika, lakini leo tunajua kwamba katika saratani nyingi bado zinafanya kazi.

Fuata molekuli moja ya glukosi. Ikishaingia ndani ya seli hukatwa kuwa vipande viwili viitwavyo piruvati, na seli inapata ATP 2, yaani molekuli zinazobeba nishati ya seli. Seli ya kawaida huipeleka piruvati kwenye mitokondria ikachomwe kwa oksijeni, na jumla hufika ATP 30 hivi. Seli ya saratani huigeuza sehemu kubwa ya piruvati kuwa laktati (ndiyo ile asidi ya laktiki) na kuitoa nje. Ukihesabu ATP peke yake utaona hasara tupu. Lakini seli inayogawanyika usiku na mchana inataka pia vifaa vya ujenzi: DNA mpya, utando mpya, protini mpya. Glukosi inapopita kwa wingi na kwa kasi, baadhi ya vipande vyake huchepushwa njiani kwenda kujenga vitu hivyo. Kutengeneza laktati kunarudisha NAD+, molekuli ya kubebea elektroni, ambayo bila hiyo ukataji wa glukosi ungekwama. Hata seli zetu za kinga, zinapozaliana kupambana na maambukizi, hutumia njia hiyohiyo.

Asidi inayotoka hubaki jirani na uvimbe. Hapo pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imeongezeka) yaweza kushuka hadi 6.5 au 6.9, ilhali damu iko 7.4. Hali hiyo hudhoofisha seli za kinga na kuusaidia uvimbe kupenya tishu za pembeni. Magadi hayafiki huko kubadili kitu. pH ya damu inalindwa na mapafu na figo. Magadi yatamchafua tumbo mama na kumwongezea sodiamu. Aache leo.

Kwenye chakula ndipo shangazi alipopotea, na hapa naomba unisikilize sana. Mama asipokula wanga, glukosi haimaliziki kwenye damu. Ini huitoa kwenye akiba yake, na akiba ikiisha huitengeneza kutokana na protini, ikiwemo ya misuli. Uvimbe unaendelea kula, na anayekonda ni mama. Tena ile laktati husafiri mpaka kwenye ini, nalo hutumia ATP 6 kuirudisha kuwa glukosi, wakati uvimbe ulivuna 2 tu. Gharama hiyo inatoka mwilini mwake. Inaniuma kuona mgonjwa wa kemo ananyimwa uji.

Ni kweli kwamba kwenye PET, kipimo cha kupiga picha ndani ya mwili, tunamchoma mgonjwa glukosi yenye florini-18 inayotoa mionzi, na uvimbe unang'aa kwenye skrini. Lakini tazama sehemu ya juu ya picha hiyohiyo: ubongo nao unang'aa, kwa kuwa nao unaishi kwa glukosi.

Soda na juisi za viwandani apunguze, na kama ana kisukari afuate mpango wa daktari wake. Vinginevyo ale ugali wake kwa maharage, samaki, mayai. Uji utiwe karanga au maziwa. Mpime uzito kila wiki, uandike kwenye daftari. Kilo zikianza kushuka, nenda na daftari hilo kliniki kabla ya dripu inayofuata.