Tuzo mkononi, pesa bado: kwa wanaoanza kazi ya kukaza hukumu

Mnaoanza kazi kwenye ofisi za mawakili hapa Mbeya, zoeeni jambo moja mapema: katika kukaza hukumu, yaani kuitekeleza ili mshindi apate haki yake, kinachokazwa ni tuzo, hati ya mahakama inayotaja kile hukumu ilichoamuru. Ikitoka tu, isomeni pamoja na hukumu. Deni la msingi, riba, gharama za kesi, vyote vimo? Riba iliyosahaulika kwenye tuzo, dalali wa mahakama (anayekamata na kunadi mali ya mdaiwa) hawezi kuidai. Ombeni marekebisho kwanza.

Maombi ya kukaza hukumu yako chini ya Amri ya 21 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai. Muda wake ni miaka 12, na hapo ndipo wateja wengi hubweteka. Mwaka 1 ukipita tangu tuzo itolewe, mahakama humwita kwanza mdaiwa aeleze kwa nini isikazwe. Huo wito humpa mdaiwa nafasi ya kuhamisha mali. Pelekeni maombi kabla mwaka haujaisha.

Kazi yenyewe hasa ni kutafuta mali. Mfanyabiashara wa mbao Mafinga anaonekana na lori, mtaa mzima unasema ni lake, kumbe kadi ina jina la kaka yake. Mkilikamata, mwenye kadi ataleta pingamizi, mnada usimame na mteja wenu aingie gharama nyingine. Hakikini jina la mmiliki na namba ya chesisi kabla ya kuandika chochote. Nyumba anayoishi mdaiwa na mkewe na watoto haikamatwi, wala vyombo vya kupikia, vitanda au zana za ufundi wake; na ni haki iwe hivyo. Tafuteni kiwanja cha pili Uyole au fremu ya duka Mwanjelwa, mwandike namba ya kiwanja na kitalu. Kisichopimwa, elezeni mipaka yake pande zote.

Mkulima wa kahawa wa Mbozi huenda hana cha kukamata, lakini anadai malipo kwa mnunuzi. Deni hilo linaweza kuzuiwa likiwa bado kwa mnunuzi, basi ombeni kabla hajalipwa.

Tuzo ya Iringa na mali iko Mbeya? Ombeni tuzo ihamishiwe mahakama ya huku.

Mteja akitaka mdaiwa afungwe, mwambieni wazi kwamba gharama za kumlisha gerezani atalipa yeye.

Mdaiwa akianza kulipa kidogo kidogo, kila malipo yaingizwe kwenye kumbukumbu za mahakama. Yasiyoingizwa huzaa ubishi, na kiasi kilichobaki hakijulikani tena.