Kabla ya sanamu, choma vipande

Sanamu yangu ya kwanza ya mvuvi ilipasuka hata robo saa haijaisha tangu niwashe moto. Nilisikia pa! kisha pa! nyingine, na jioni nilipofukua majivu nikakuta kichwa kimeachana na mabega. Niliianika siku tatu, juu ikakauka kabisa, lakini kifua nilikifinyanga kizito bila kukikomba ndani. Maji yaliyobaki humo yaligeuka mvuke, yakakosa pa kutokea.

Siku hizi nakomba mpaka unene ubaki kama wa kidole, naacha tundu chini, na udongo wa bonde la Luiche nauchanganya na vigae vilivyotwangwa. Kabla ya kuchoma, iguse sanamu kwa shavu. Ukihisi ubaridi, bado ina maji, irudishe kivulini. Hata ikiwa kavu, saa mbili za mwanzo ni za kuipasha tu, moto ukae mbali.

Hapo ndipo majaribio yanapoanza. Hapa Ujiji hatukosi maganda ya mbegu za chikichi, na moto wake ni mkali. Udongo wenye madini ya chuma ukipata hewa ya kutosha motoni hutoka mwekundu. Moto ukishakolea, ukiufunika kwa pumba na kuziba kwa mchanga, hutoka mweusi. Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, hupata rangi zake kwa njia hiyo: chombo kikichomwa kwenye hewa huwa chekundu, kikirudishwa motoni na kunyimwa hewa huwa cheusi. Nami nilithubutu kurudisha motoni kazi niliyodhani imekwisha.

Kilichonishangaza zaidi ni chumvi ya Uvinza. Nililoweka kitambaa kwenye maji ya chumvi, nikakikausha, nikaifunga nacho sanamu kiunoni. Palipofungwa pakatoka rangi ya chungwa iliyofifia, kama ziwa jua linapozama upande wa Kongo. Moshi wake lakini unachoma kifua. Simama unakotoka upepo, na watoto wasisogee.

Usijaribie haya kwenye sanamu uliyoihangaikia mwezi mzima. Finyanga vipande vya ukubwa wa kiganja, andika namba kwa msumari udongo ukiwa mbichi, na kila unapochoma badilisha kitu kimoja tu: pumba, chumvi, au muda. Vyangu nimevipanga dirishani. Mteja akiniagiza sanamu, namwonyesha hivyo kwanza, achague rangi kwa kidole.