Vitabu na gemu za winta: jibu kwa familia iliyohamia Minnesota

Mkuu karibu Minnesota na poleni na baridi. Umeuliza vitabu na gemu za mezani za kukaa nazo ndani maana wewe, shemeji na watoto mmejifungia kwenye apatimenti na kila mtu na simu yake. Sisi tuko Minneapolis na nakuelewa sana, Desemba saa kumi na nusu jioni jua limeshazama, Januari kuna siku nje ni nyuzi 20 na kitu chini ya sifuri, sasa mtoto utampeleka wapi? Kikubwa ninachoweza kukwambia ni kimoja, usinunue kitu ambacho kuna mtu humo ndani hawezi kushiriki. Kama mdogo hajajua kusoma, au Kiingereza cha mama bado, gemu yenye kadi zilizojaa maandishi itaishia kabatini hata watu waisifie vipi.

Ndio maana mimi naanza na bao. Tena huhitaji kuagiza la mninga kutoka nyumbani, chukua maboksi manne ya mayai yale ya dazeni, kila moja likate libaki na mashimo 2 kwa 4, yapange pamoja unapata safu 4 za mashimo 8, kete tumia maharage makavu 64, basi. Ila usianze na bao la kiswahili lenyewe lile la nyumba (shimo maalumu) na kete 22 mkononi, hapo watoto watachoka kabla hujamaliza kueleza namua, yaani hatua ya kwanza ya kuingiza kete za mkononi. Anza na bao la kujifunza, kila shimo kete mbili mbili, unachota shimo lako unasambaza moja moja, ya mwisho ikiangukia shimo lako la safu ya mbele lenye kete na la mwenzako linalotazamana nalo lina kete, unazila na kuzisambaza upande wako kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la pembeni, ikiangukia shimo tupu umelala, zamu ni ya mwenzako. Binti yangu aliingia humo akiwa hajui kusoma kabisa na sasa anahesabu shimo gani litamfikisha wapi kabla hajagusa kete, mimi mwenyewe ananitoa jasho.

Ya dukani mimi nakushauri Ticket to Ride, ile ya kwanza ya 2004 yenye ramani ya Amerika Kaskazini. Kila mchezaji ana vibehewa vyake 45, unakusanya kadi za rangi unajenga njia ya reli kati ya miji, na kuna tiketi unaficha zinazosema uunganishe mji gani na mji gani. Maandishi yenyewe ni majina ya miji tu, na Duluth yetu ya hapa Minnesota imo kwenye ramani, watoto walifurahi mno kuiona! Raha yake ni kuamua, njia ya behewa moja ni pointi 1 lakini ya mabehewa sita ni 15, kwa hiyo kila mtu anatamani ndefu halafu ukichelewa mtu anakukatia katikati. Catan ni nzuri pia ila inataka watu watatu au wanne na kwetu ilileta ugomvi kwenye kubadilishana mali, isubiri mzoeane. Kama hampendi kushindana kabisa tafuteni Pandemic, mnakuwa timu moja mnapambana na magonjwa manne duniani, mkishinda mmeshinda wote.

Vitabu sasa, na hapa ndio roho yangu ilipo. Msisome kila mtu kivyake, someni kwa sauti baada ya chakula. Kwetu kilichofungua mlango ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, cha 1960, upelelezi wa Bwana Msa na kiko chake, mtu kakutwa amekufa mzimuni na kila sura unataka kujua nani kafanya. Kusoma anasoma mke wangu, mtu wa Tanga, na akifunga kitabu katikati watoto wanalalamika kweli kweli. Kingine kinachofaa sana jioni ni Kusadikika cha Shaaban Robert, kwa sababu Karama anajitetea mbele ya mfalme kwa kusimulia habari za wajumbe sita, mmoja mmoja, kwa hiyo kila jioni mnachukua mjumbe mmoja mnaishia pazuri. Kiswahili chake kizito kidogo, msomaji apitie kwanza peke yake.

Watoto wakilala, wewe na shemeji chukueni Vuta N'kuvute cha Adam Shafi, Unguja ya mkoloni, Yasmin kaozeshwa mzee Raza anakimbia, halafu anakutana na Denge na siasa zake, mtasahau kama nje kuna theluji. Na kama hamjasoma Peponi, ile tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, itafuteni. Usipopata kitabu cha Kiswahili maktaba ya karibu waombe wakuagizie kutoka maktaba nyingine, vyuo vikuu vingi huku Marekani vinafundisha Kiswahili na vitabu wanavyo.

Na mimi nina ombi kwako na kwa wengine humu, natafuta riwaya za Kiswahili za kijana wa miaka 13 au 14, hadithi za watoto kashazichoka na za wakubwa bado mapema. Mnampa nini wa kwenu?