Ugoko ukiuma sehemu moja, hizo mbio ziache

Mkuu, hivyo vidonge vya maumivu, diklofenaki, viweke chini kwanza. Umeandika kwamba uko Lindi, zimebaki wiki tatu ukimbie kilomita 21, ugoko wa kulia unauma "sehemu ndogo tu", ukimeza dawa unakimbia vizuri, na unataka tukwambie ununue raba gani, kucha zilizogeuka nyeusi uzifanye nini na asubuhi ya mbio ule nini. Nilipofika kwenye "sehemu ndogo tu" moyo ukaniruka. Maneno hayo hayo niliyasema mimi.

Mimi niko Mtwara. Nilijiandikisha Kilimanjaro Marathon kule Moshi, kilomita 42, nikapandisha mazoezi kutoka kilomita 25 kwa wiki hadi 55 ndani ya wiki tatu. Shangani hadi Mikindani na kurudi, lami tupu. Mwanzo uliniuma ugoko wote upande wa ndani, nikishapata joto maumivu yanatulia. Baadaye yakajikusanya mahali pamoja, padogo kama sarafu, nikipabonyeza nashtuka. Usiku panapwita hadi naamka.

Mkubwa mmoja wa klabu yetu, tuliyemwita kocha ingawa hakuwahi kusomea, akasema mfupa unakomaa, nisidekeze mguu. Mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira, kwa sababu alilisema mbele ya vijana na wao wakalibeba. Muuza dawa naye akanipa vidonge bila hata kuniambia nipandishe suruali aone. Nikaenda kwa mchuaji, akapakandamiza palepale panapouma, nikalia.

Lakini kosa lililoniponza hasa ni hili. Nilipiga eksirei, picha ikatoka safi, nikachukulia kwamba nimepona. Hakuna aliyeniambia kwamba ufa wa namna hii, unaokuja mfupa ukichoshwa kila siku bila kupewa muda wa kujijenga, mara nyingi hauonekani kwenye picha za wiki mbili tatu za mwanzo. Nilitakiwa nipumzike, nirudi kupiga nyingine. Mimi Jumapili ile nikameza vidonge viwili, saa kumi na moja alfajiri niko barabarani. Nilikuwa mwepesi kabisa! Kumbe dawa ilinyamazisha maumivu tu, mfupa uliendelea kupasuka. Nilipokaribia Mikindani nikasikia kitu kimeachia, mguu ukakataa kukanyaga. Nilirudi kwa bajaji nimeng'ata kola ya fulana.

Ilikuwa Oktoba, minada ya korosho inaanza, na mimi riziki yangu ni kupakia magunia ghalani. Msimu wote niliupitisha kwenye magongo. Mama watoto ndiye aliyelisha nyumba kwa vitumbua, akiamka saa tisa usiku. Ada ya Moshi ilipotea, ila hiyo wala siihesabu.

Kwa hiyo sikia: maumivu unayoweza kuyaelekeza kwa ncha ya kidole kimoja hayakimbiwi, na hayamezewi dawa ili yakimbiwe. Yakitanda urefu wa kiganja kando ya mfupa na yakapungua ukipumzika siku kadhaa, mara nyingi ni uchovu wa ugoko. Punguza kilomita, kisha rudi taratibu. Yakiwa mahali pamoja, yakikuamsha usiku, au ukiruka kwa mguu huo peke yake yanachoma, simama leo. Nenda hospitali umweleze daktari kwamba unakimbia, umeongeza kilomita ngapi, na kwamba unahofia ufa. Usiseme tu "mguu unauma", utapewa vidonge vingine. Kama ni ufa, wiki sita hadi nane bila kukimbia ni jambo la kawaida, na kuna wanaokaa zaidi. Tena diklofenaki juani, mwili umekauka maji, figo nazo zinaweza kuumia.

Usiniambie umeshalipia. Mbio za kilomita 21 zitakuwepo mwakani.

Sasa kaa chini, kunja goti, pitisha kidole gumba kwenye ugoko kuanzia chini ya goti hadi kifundo, polepole, mfupani kabisa. Halafu uje hapa uandike kimekwama wapi. Nasubiri, silali.