Unauza kwa simu? Andika oda kabla hujafunga mzigo

Kama unauza khanga, vitenge, viatu au vyombo kwa wateja wa mikoani kupitia simu, nina ushauri mmoja ninaoutanguliza kuliko mwingine wowote: lolote mlilokubaliana kwa mdomo, liandike, mtumie mteja, asome, ajibu, ndipo uguse mzigo. Mimi nauza khanga na vitenge Kariakoo, na sehemu kubwa ya wateja wangu siku hizi hatuonani. Yupo wa Songea, yupo wa Kahama, yupo mama mmoja wa Kigoma ninayemjua kwa sauti tu. Haya ninayoyasema nimeyapata kwa kufanya nao kazi.

Waliowahi kuuza jumla zamani wanakumbuka ilivyokuwa. Mteja wa Mwanza alipanda basi, akalala gesti, akaja dukani pesa ameifunga kiunoni. Alikishika kitambaa, akakitandaza mwangani, tukapatana bei. Doti zilipangwa juu ya meza, zikahesabiwa kwa sauti mbele yake, akalipa, likafungwa robota, akaondoka nalo. Hapakuwa na haja ya kuandika mengi, maana kila kitu kilionekana kwa macho ya wote wawili.

M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya kuanza Kenya, pesa ikaacha kusafiri kiunoni. Baadaye simu zenye WhatsApp zikaleta picha. Mteja akapumzika nauli, gesti na hofu ya kuibiwa njiani. Mimi naiona ni neema kubwa, hasa kwa wanawake wenye watoto wadogo ambao wasingeweza kuacha nyumba siku kadhaa kufuata mzigo Dar es Salaam. Nina wateja ambao bila simu wasingefungua duka kabisa. Lakini ile meza ya kuhesabia haipo tena, na wengi wetu tunafanya kazi kana kwamba bado ipo.

Ugomvi mwingi wa biashara ya simu hauanzi na utapeli. Unaanza na watu wawili waaminifu walioelewana tofauti. Mteja anapiga simu yuko sokoni, kuna kelele, anasema, "Dada, niwekee mbili za ile nyekundu." Mbili zipi? Doti moja ya khanga ni vipande viwili. Mwenye duka akisikia "mbili" anafikiria doti, lakini anayenunulia shughuli ya familia anaweza kuwa anamaanisha vipande. Kwenye jumla ndiyo hatari zaidi. Korija ni 20, hilo kila mtu anajua, ila kuna anayehesabu vipande 20 na kuna anayehesabu doti 20. Tofauti hapo ni nusu ya mzigo na nusu ya pesa, na hakuna aliyesema uongo.

Kwa hiyo mkimaliza kuongea, mwandikie. Mimi huandika hivi: "Habari za saa hizi dada. Naomba tuhakikishe oda. Khanga doti 6, jina Wema hauozi, rangi nyekundu na nyeusi. Khanga doti 4, jina hilo hilo, rangi ya njano. Jumla doti 10, sawa na vipande 20. Bei ya doti ni hii, jumla ni hii, nauli ya basi unalipa wewe ukipokea. Mzigo unaondoka kesho asubuhi. Ukiona kuna tofauti niambie, ukiona sawa nijibu SAWA."

Angalia vitu viwili hapo. Cha kwanza, idadi nimeitaja kwa njia mbili, doti na vipande, ili aliyefikiria kingine ashtuke. Cha pili, khanga nimeitambulisha kwa jina lake. Sisi wa khanga tuna bahati hiyo, mali yetu inakuja na maandishi tayari. Wewe wa viatu au vyombo andika namba kwenye kikaratasi, kiweke pembeni ya bidhaa, piga picha pamoja. Mteja atasema "namba 14", badala ya "ile ya juu kushoto uliyoweka juzi kwenye stetasi", ambayo ikishapita saa 24 haipo tena.

Halafu subiri jibu. Tiki mbili za bluu zinasema amefungua ujumbe, hazisemi amekubali. Wapo wanaojibu kwa kidole gumba tu. Mimi sikipokei kwa oda kubwa, namwomba kwa heshima aandike neno. Hakuna aliyewahi kunikasirikia kwa hilo. Kinyume chake, wateja wakubwa wanakuheshimu zaidi wakiona una utaratibu.

Kuhusu sauti, hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanapoona ushauri wangu ni mgumu. Wateja wanapenda kutuma sauti. Ni rahisi, mtu yuko jikoni au anaendesha bodaboda, anabonyeza anaongea. Mimi sizikatai, na wala nisikushauri uzikatae, maana utafukuza watu. Lakini sauti ya dakika tatu yenye salamu, habari za mvua, oda, mabadiliko ya oda, na salamu tena, huwezi kuirudia kila unapotaka kujua rangi. Isikilize mara moja ukiwa na daftari, toa oda humo, iandike, mrudishie.

Na wasiosoma je? Ninao, na ni wateja wazuri sana, wengine wamekuwa sokoni tangu mimi ni mtoto. Hao nawaandikia vile vile, kisha nasoma nilichoandika kwa sauti na kutuma vyote viwili. "Shikamoo mama, oda yako nimeiandika, nakusomea." Mama anasikiliza, anarekebisha, anajibu kwa sauti yake. Maandishi yanabaki kwenye simu yake, mjukuu akitoka shule anaweza kumsomea. Usimwache mtu nyuma kwa sababu hakupata shule. Utaratibu wa maandishi umwongezee ulinzi yeye kuliko mtu yeyote.

Rangi nisizirefushe: piga picha nje, mchana, kivulini, na mwambie mteja wazi kwamba kila simu ina rangi zake. Kwa oda kubwa tuma video fupi ukikitandaza kitambaa.

Tuje kwenye malipo. Usitoe mzigo kwa sababu umeonyeshwa meseji ya muamala, wala picha ya skrini. Meseji inatengenezwa na yeyote mwenye simu. Ingia kwenye menyu, angalia salio lako mwenyewe, na angalia jina la aliyetuma. Jina likiwa tofauti na la mteja, uliza kwa upole na uandike: "Nimepokea kutoka kwa Fulani, ni kwa ajili ya oda yako?" Mara nyingi ni mume au shemeji kalipa, hakuna tatizo, lakini sasa mmeshaandikiana. Lipa Namba, yaani namba ya kupokelea malipo ya biashara, inafaa zaidi kuliko kupokea kwenye laini yako ya kawaida, kwa sababu pesa ya biashara haichanganyiki na ya mboga. Na zile meseji za "ile pesa tuma kwenye namba hii" usizifute tu. Zipeleke 15040, namba iliyotengwa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kupokea taarifa za utapeli. Wafundishe na wateja wako, kwa sababu tapeli akijifanya ni wewe, anayeumia ni wote wawili. Mimi namba zangu za malipo hazibadiliki kwa meseji, na kila mteja mpya namwandikia hilo siku ya kwanza.

Mzigo ukifika ofisi ya basi, kazi ya maandishi haijaisha. Andika kwenye robota jina la mpokeaji, namba yake na mji, kwa kalamu isiyofutika, pande mbili. Mizigo inabanana na upande mmoja huchanika. Piga picha robota likiwa limefungwa, piga picha risiti, tuma zote pamoja na namba ya gari na saa ya kuondoka. Mteja akifika stendi anaonyesha picha ile ile. Mzigo ukichelewa, hamtaanza kuulizana ulipandishwa lini.

Watu huniuliza kama maandishi ya simu yana uzito wowote mambo yakiharibika. Yanao. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 hairuhusu ujumbe kukataliwa kama ushahidi kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Bado utatakiwa kuonyesha umetoka wapi na haujachezewa. Ndiyo maana nasema usifute mazungumzo ya oda, usiweke mpangilio wa ujumbe kujifuta wenyewe kwenye simu ya biashara, na tumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako wewe, si cha binamu. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Binafsi sitamani kumfikisha mtu mahakamani. Nimeona tu kwamba mkiwa na maandishi, mnarudi kusoma wote wawili na shauri linaishia hapo.

Wewe unayenunua kupitia winga, yaani dalali anayekutafutia mali kwenye maduka ya wengine, uangalifu wako uwe mara mbili. Mawinga wa Kariakoo ni watu wa maana, wengi wanaishi kwa jina lao, na wanajua duka gani lina nini kuliko hata wenye maduka. Ila winga anaweka kwenye stetasi mali isiyo yake, na ikiisha dukani yeye hana habari. Muulize kama mzigo upo leo, akupigie video akiwa dukani, na akuandikie ikikosekana anarudisha pesa au anabadilisha. Winga mzuri hatakasirika.

Nyumbani nimejiwekea saa ya mwisho ya kujibu, na programu ya WhatsApp ya biashara ina ujumbe unaojituma wenyewe ukiwa umefunga. Uweke. Mteja akijua utamjibu asubuhi, analala, na wewe unakula na watoto wako.

La mwisho ni daftari, la karatasi. Mwezi Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilidorora Tanzania, Kenya na nchi jirani kwa siku kadhaa. Picha hazikufunguka, na oda zilizokuwa ndani ya WhatsApp peke yake ziligoma humo humo. Simu za kawaida na meseji ziliendelea, na menyu za nyota na reli, kama ile *106#, zilifanya kazi bila bando. Aliyekuwa na majina, namba na oda za wateja kwenye daftari aliendelea kupiga, kupokea na kupeleka stendi. Ukifunga leo jioni, hamishia humo oda zote zilizo wazi: jina, namba, mji, idadi, alicholipa, anachodaiwa. Na uliache dukani, mahali kijana wako wa duka analijua, kwa sababu siku utakayougua ni yeye atakayewajibu wateja.